Mtandao Umfuate Mwanafunzi Anakolala

Haya niliyasema Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa chuo, hapa Tabora, mbele ya wanafunzi waliohamishiwa nyumba za kupanga wakati hosteli zikikarabatiwa, pamoja na wenye nyumba na viongozi wa chuo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka!

Mkuu wa chuo, shikamoo. Baba zangu na mama zangu wenye nyumba mliotoka Ipuli, Cheyo na Isevya, shikamooni, na poleni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi. Wadogo zangu, habari za geto?

Nimeitwa hapa kama fundi mtandao. Nitafika kwenye ufundi, na nitakaa huko muda mrefu maana ndiko kwenye kazi. Lakini niruhusuni kwanza nizungumze kama mtu aliyewahi kulala mlemle mnamolala ninyi.

Nilipoanza mwaka wa kwanza, katika chuo kingine, hosteli hazikuwa tayari. Tukapelekwa kwenye nyumba moja nje kidogo ya mji. Ilikuwa nyumba nzuri: sakafu ya saruji, kisima uani, geti la chuma. Godoro nililikuta. Mtandao sikuukuta, na nilipouliza nikajibiwa, "Vumilia, hapa ni pa muda tu." Muda wenyewe ulikuwa muhula mzima. Simu yangu ndani ya chumba ilishika mstari mmoja, na nikifunga mlango mstari ule unapotea. Kwa hiyo kila jioni tulitoka watu saba au wanane tukaenda kusimama chini ya mwembe kando ya barabara, kama hatua 300 kutoka getini, ndipo mtandao ulipokuwa unakubali. Tulipakua kazi pale, tukajibu pale, wima, na mbu wakitula miguuni.

Katikati ya muhula tukapewa jaribio la mtandaoni, saa moja hadi saa mbili usiku. Mvua ikaanza saa moja kasoro. Nilikwenda mwembeni na laptopu ya kuazima niliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilifika swali la kumi na moja kati ya ishirini, ukurasa ukaanza kuzunguka. Ukazunguka mpaka saa mbili ikagonga. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia mfumo umeshafunga na yeye hana la kufanya. Somo lile nililirudia, na sapu ile ilinikalia rohoni kuliko hata ilivyokaa kwenye karatasi ya matokeo.

Hilo langu ni dogo. Miongoni mwetu walikuwamo wasichana wawili. Jioni moja wanaume wawili wa pikipiki walisimama pale mwembeni, wakaanza kuwavuta mikono na kuwatolea maneno machafu. Tuliwafukuza, lakini wale dada hawakurudi tena mwembeni, na nani angewalaumu? Wakawa wanabaki ndani, wananakili kutoka kwenye madaftari yetu. Mmoja wao alikuwa ametuacha mbali sote kwenye hesabu. Muhula ule alama zake zilishuka, na alama za muhula ule zilijumlishwa na za mihula mingine kama vile hakuna kilichotokea.

Nyumba ile tuliihama. Sijui leo analala nani. Lakini alama zile ziko kwenye cheti, haziwezi kuhama. Ndiyo maana neno hili "ni pa muda tu" linaniuma kila nikilisikia. Kwa mtu anayepanga ratiba ya ukarabati, ni pa muda kweli. Kwa mwanafunzi hakuna muhula wa muda. Nimesimama hapa kuomba jambo moja: pale tunapompeleka mwanafunzi kulala, hata kama ni kwa wiki sita, mtandao uwe umeshafika kabla ya godoro lake.

Tabora yetu ina historia ndefu ya kulaza wageni wa muda. Kwihara si mbali na hapa. Wengi wenu mmepelekwa kule na shule, mkaiona tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta mpaka akampata, alipoondoka mwezi Machi kwenda pwani, Livingstone alibaki akingoja wapagazi na vifaa, akangoja mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano. Kuta zilikuwa nene na paa lilikuwa zima. Alichokosa ni njia ya kuendelea na kazi iliyomleta. Na mwaka mmoja kabla yake, mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na misafara mizima ikakwama hapahapa, watu na mizigo yao. Babu zetu wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hili kwa miguu yao wenyewe: mgeni akilala vizuri halafu njia imefungwa, hajasaidiwa bado.

Je, njia yetu leo imefungwa? Haijafungwa, na hili naomba tulielewe sawasawa, maana watu wengi wanadhani tatizo ni kwamba Tabora tuko mbali. Zamani ilikuwa kweli. Hadi mwaka 2009 Tanzania ilizungumza na dunia hasa kwa satelaiti. Satelaiti za aina ile hukaa juu kilomita kama 36,000, kwa hiyo neno linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na nusu sekunde imepita kabla hujaona chochote. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikafika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, mwaka uliofuata ikaja kebo nyingine, EASSy, na wakati huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani kebo kuu ya nchi kavu inayounganisha mikoa, ukawa umeanza kuingia bara. Mkongo umefika Tabora. Mtoto wa mji huu anajua maana ya njia kuu kupita kwenu: reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaenda Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Na mtoto wa mji huu anajua vilevile kwamba treni kupita si sawa na treni kusimama. Kilichobaki ni zile kilomita mbili tatu za mwisho, kutoka mkongo mpaka kitandani. Hizo hazisubiri mtu wa Dar es Salaam. Ni zetu.

Sasa tuingie kwenye ufundi, na nitaanzia ndani ya nyumba.

Mama zangu, nyumba zenu nyingi nimezitembelea wiki hii. Ni nyumba zetu za Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma, matofali ya kuchoma, bati juu. Nyumba mbili nilizokuta zina waifai, ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, imewekwa chumbani kwa mwenye nyumba, juu ya kabati, pembeni mwa televisheni. Naelewa kwa nini: ni kifaa cha thamani, mtu anataka kukilinda. Lakini mawimbi yanatakiwa yapite ukuta wa chumba, yavuke korido, yapite ukuta mwingine, ndipo yamfikie mwanafunzi wa chumba cha mwisho, na kule yanafika yamechoka kabisa. Ruta hiyohiyo ukiipandisha kwenye dari la korido, katikati ya nyumba, kila chumba kinabaki na ukuta mmoja tu. Niliijaribu juzi katika nyumba moja ya Cheyo kwa waya mrefu na ngazi. Chumba cha uani kilichokuwa hakipati kitu kikapata. Hatukununua hata kifaa kimoja. Kama wasiwasi ni wizi, kiboksi kidogo cha plastiki au mbao chenye matundu na kufuli kinatosha, bora kisiwe cha bati wala cha wavu wa chuma. Bati halipitishi mawimbi, linayarudisha yalikotoka.

Na ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi ila hubeba kidogo. Yale ya gigahezi 5 hubeba mengi ila ukuta wa tofali huyashinda. Kwa hiyo aliye chumba cha mbali achague ya kwanza, aliye karibu na korido achague ya pili, na wote watapumua. Wanafunzi wengi huona majina mawili ya waifai kwenye simu wakabonyeza lolote.

Kama nyumba inatumia ruta ya laini ya simu, kuna jambo jingine la kupima kabla hata ya kulipa. Msiridhike na ile mistari ya juu ya simu. Ingieni ndani ya mipangilio mtazame nguvu ya mawimbi. Mtaona namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: hasi 80 ni nzuri sana, hasi 110 ni ya kuombea dua. Pimeni chumba kwa chumba, mpime uani, mpime dirishani upande wa mnara, mpime na mlango umefungwa. Pimeni saa nne asubuhi, halafu mrudi saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko kwenye simu, maana mnara ni kama bomba la mtaa, asubuhi na jioni foleni yake si moja. Makampuni ya simu hayafanani mtaa kwa mtaa. Inayoshika vizuri Kitete inaweza isishike Ng'ambo. Chukueni laini za wenzenu zote, mpime zote, muandike kwenye daftari. Kazi hii ni ya jioni moja tu, nayo ingeniokolea somo zima.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoipigania kwa uongozi. Chuo tayari kina intaneti. Nyumba tano kati ya tulizopangisha ziko ndani ya kilomita mbili kutoka jengo la utawala. Tunaweza kuweka antena juu ya paa la chuo na nyingine juu ya paa la nyumba, zikatazamana, na mtandao wa chuo ukavuka hewani mpaka kule. Vifaa hivi vipo, mafundi wanaojua kuvifunga wapo hapahapa mjini. Sharti lake ni moja: antena zionane. Na hapa Tabora mnajua mshindani wetu ni nani. Ni miembe. Majani yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Mvua ikishanyesha majani yakalowa, ndiyo kabisa. Sitaki kusikia habari ya mtu kukata mwembe. Miembe ile ina umri mkubwa kuliko sisi, inatupa kivuli na watoto wanakula maembe yake. Tunapandisha mlingoti mita nne juu ya bati, tunatafuta upenyo. Nilipanda paa la utawala Jumatano na darubini. Nyumba tatu kati ya zile tano naziona waziwazi. Ya nne inahitaji mlingoti. Ya tano iko nyuma ya miembe mitatu mikubwa, hiyo tuipe ruta ya laini na tuache ubishi.

Faida ya njia hii si kasi tu. Mtandao wa vyuo vya Tanzania, TERNET, upo kwa ajili ya kuunganisha taasisi za elimu na utafiti. Na kuna mpango uitwao eduroam, ulioanzia Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa uko katika nchi zaidi ya 100, unaomwezesha mwanafunzi kuingia kwenye mtandao wa chuo chochote kilichojiunga kwa jina na nywila za chuo chake mwenyewe. Wazo lililo ndani ya mpango ule ndilo wazo langu la leo: haki ya mtandao inamfuata mwanafunzi, haibaki imefungwa ndani ya ukuta wa jengo. Kama mwanafunzi anaweza kutoka nchi moja akasoma katika nchi nyingine kwa nywila ileile, inakuwaje akitoka hosteli ya chuo kwenda Ipuli, mwendo wa dakika 20 kwa miguu, anaachwa bila kitu?

Sasa umeme. Hapa nitatulia kidogo, kwa sababu wengi wenu mlinieleza kwamba mtandao "unakata," na nilipofuatilia nikakuta mtandao haukukata. Umeme ndio uliokatika, ruta ikazima. Minara ya simu ina betri na jenereta zake, kwa kawaida inaendelea kufanya kazi. Aliyezimika ni yule pale kwenye korido.

Ruta ya kawaida inakula wati kama 10. Ni sawa na balbu moja ya kisasa. Fanyeni hesabu: wati 10, saa 24, siku 30, inakuja uniti 7 na kidogo kwa mwezi mzima. Nimesikia nyumba moja wanazima ruta usiku kuokoa luku, na wanafunzi na mwenye nyumba wamekuwa hawasalimiani kwa ajili hiyo. Uniti 7, wapendwa, kwa nyumba ya watu 24. Gawanyeni. Kila mmoja haifiki hata theluthi ya uniti kwa mwezi. Pasi moja ya nguo ya asubuhi kwa watu wale imeshakula zaidi ya hapo.

Na umeme ukikatika, ruta nyingi hutumia volti 12, volti zilezile za betri ya pikipiki. Betri ndogo ya ampea-saa 7 inabeba nguvu ya wati-saa 84, yaani wati 84 kwa muda wa saa moja, na hata tukiondoa kinachopotea na tukaacha kuikamua mpaka mwisho, ruta itakaa saa nne hivi bila umeme. Saa nne zinatosha kumaliza jaribio la usiku. Ila msichomeke waya wa betri moja kwa moja kwenye ruta. Betri ikiwa inachajiwa hupanda juu ya volti 13, na ruta nyingine haivumilii. Tieni kifaa cha kurekebisha volti, na fyuzi. Fundi redio yeyote wa sokoni anakijua. Yako pia maboksi madogo ya betri yaliyotengenezwa kwa ajili ya ruta, unachomeka tu, kama bajeti inaruhusu.

Neno moja juu ya radi. Mvua zetu zinaanza Novemba, ndipo muhula unakuwa umechanganya, na mawingu ya Unyamwezi yanapiga kweli. Ikianza kunguruma, chomoeni ruta kwenye umeme, na kama kuna waya unaoshuka kutoka kwenye antena, nao uchomolewe. Antena ya juu ya paa lazima iwe na waya wa kwenda ardhini. Sitafunga antena hata moja bila huo.

Mkishakuwa na mtandao, mnabaki na suala la kugawana. Nilichora hesabu hii ubaoni na naomba muikumbuke. Mwalimu ameweka somo la megabaiti 60. Mtandao wa nyumba ni megabiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo somo ni megabiti 480, na mtu mmoja akiwa peke yake analipata kwa sekunde 48. Wakilipakua wote 24 kwa pamoja, kila mmoja anasubiri dakika 19. Na bando la nyumba limeliwa megabaiti 1,440 kwa ajili ya kitu kilekile kimoja. Kumbe mmoja angepakua, akawarushia wenzake simu kwa simu, au kwa flashi, nyumba nzima ingekuwa imemaliza kabla ugali haujaiva, na bando limetumika megabaiti 60 tu. Chagueni mtu wa kazi hiyo kila wiki, kwa zamu kama ya kufagia uani. Mfumo wa Moodle, ambao vyuo vingi vinautumia, una programu ya simu inayokuruhusu kupakua somo ukalisoma bila mtandao. Itumieni. Mimi nimeahidi kwa uongozi kwamba kila nyumba itapata kompyuta moja ndogo ya kuhifadhi masomo, ambayo mtu akiwa ndani ya waifai ya nyumba anaisoma hata kama intaneti ya nje imekufa. Humo nitaweka na ensaiklopidia ya Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza, kupitia Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya watu wa hali kama yetu.

Kuna mlaji wa siri pia. Simu 24 zikishika waifai, kila moja inaanza kujisasisha programu na kupandisha picha zake mtandaoni kimyakimya. Hakuna aliyekusudia, lakini saa tatu usiku mtu anatuma kazi yake na haiendi. Zimeni hayo, au yaruhusuni alfajiri tu. Mimi kwa upande wangu nitaiwekea ruta kikomo cha kila mtu, ili mwenye filamu asimzuie mwenye mtihani. Na wale mnaobebana, sitawafukuza, najua kodi ilivyo, lakini wahesabuni. Nyumba ya watu 24 ikilala watu 31, nitapanga mtandao wa watu 31.

Laini ya ruta isisajiliwe kwa alama za vidole za mwanafunzi. Iwe ya chuo au ya mwenye nyumba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na likitokea baya, wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini. Sitaki kijana wa miaka 20 abebe mzigo wa watu 24. Na atakayesimamia mtandao, akiwemo mimi, hana ruhusa ya kuchungulia mnachosoma. Taarifa za mtu ni zake, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kuzilinda.

Baba zangu na mama zangu, najua hamkujenga nyumba kwa ajili ya waifai. Mlijenga kwa jasho, wengine kwa tumbaku na asali, tofali kwa tofali. Siombi mlipe bando la watoto wa watu. Naomba vitu vitatu: mturuhusu korido na paa, ruta isizimwe usiku, na yote haya yaandikwe kwenye mkataba wa pango kama yalivyoandikwa maji na choo. Kikiandikwa hakuna wa kumnyanyasa mwenzake. Na antena tunayofunga juu ya bati lenu, tukitoboa tutaziba, na msumari utatiwa mpira. Nyumba isivuje kwa sababu yetu.

Mkuu wa chuo, ninayoomba kwako ni mazito zaidi, na nakushukuru kwa kunipa nafasi ya kuyasema hadharani. Kwanza, mtu asihamishiwe nyumba ambayo haijapimwa mtandao. Tunakagua vyoo kabla ya kusaini, tukague na hili. Pili, jaribio la mtandaoni lisifungwe ndani ya saa moja ya usiku. Likiwa wazi kutwa nzima, mtu akaanza pale mtandao wake unapokubali na saa yake ikahesabika kuanzia hapo, mwalimu hajapoteza kitu. Na kazi ikishindwa kupanda kwa sababu inayothibitika, ipokelewe kwa flashi asubuhi yake. Tatu, mpaka nyumba zote ziunganishwe, maktaba ifungwe saa nne usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, na gari la chuo liwarudishe wanafunzi nyumba kwa nyumba. Najua gari linakula mafuta. Lakini msichana asiyetaka kutembea Isevya usiku na simu mkononi yuko sahihi, na chuo kisimwekee chaguo kati ya usalama wake na alama zake. Hili la gari ningeomba lianze Jumatatu. Mengine yote yanaweza kungoja vifaa. Hili halingoji.

Wadogo zangu, kuna mmoja aliniuliza mlangoni, "Kaka, si tutarudi hosteli mwezi wa tatu? Ya nini kuhangaika?" Nilimjibu kwamba antena inafunguliwa kwa spana mbili na inafungwa kwa spana mbili. Mkihama, inahama nanyi, au inabaki kwa watakaowafuata. Vifaa vya muda vipo. Nimevigusa kwa mikono yangu.

Nimeshasema ya kutosha na jua linapanda. Ngazi iko juu ya gari hapo nje, nyaya ziko ndani, na daftari la vipimo limeshachorwa mistari. Nahitaji watu wawili kutoka kila nyumba, na ningependa mmoja wao awe msichana, ajifunze kufunga na kupima mwenyewe. Tunaanzia Cheyo, kwa mama aliyekaa pale mstari wa pili, ameniambia geti liko wazi na amepika uji. Tukitoka hapo ni Ipuli, halafu Isevya ile nyumba iliyo nyuma ya miembe. Anayejua kupanda paa bila kuogopa aje na viatu vya mpira.